Namna ya Kudumu Katika Kufundisha Mtandaoni Bila Kujimaliza: Mwongozo kwa Walimu Wanawake

Shule niliyoanzia kazi mkoani Tanga haikuwa na kengele ya umeme. Kulikuwa na rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye tawi la mwembe, na mwanafunzi wa zamu aliigonga kwa kipande cha nondo kila dakika 40 zilipotimia. Ikilia, hata mwalimu aliyekuwa katikati ya sentensi alijua kwamba kipindi cha mwenzake kimefika, kwa hiyo alikusanya chaki zake akatoka. Saa 4 asubuhi ililia kwa muda mrefu zaidi, sote tukaenda ofisi ya walimu kunywa chai na maandazi. Nilipohamia kufundisha mtandaoni, jambo la kwanza nililolipoteza bila kutambua lilikuwa ile rimu, na ilinichukua muda mrefu kuelewa ni kiasi gani cha afya yangu kilikuwa kimening'inizwa pamoja nayo kwenye ule mwembe.

Wengi wetu tuliingia katika kazi hii kwa kusukumwa. Tanzania ilianza kufunga shule tarehe 17 Machi 2020, Kenya ilifunga siku hizo hizo, na nchini Uganda si wanafunzi wote waliorudi darasani kabla ya Januari 2022. Baadhi ya walimu walirudi ubaoni shule zilipofunguliwa. Wengine tulibaki mtandaoni, kwa kuwa tulikuwa tumeachishwa kazi na shule binafsi, au tulikuwa na watoto wachanga, au tulikuwa tumegundua kwamba wapo watu Berlin na New York walio tayari kulipa ili wafundishwe Kiswahili. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya hao waliobaki: wanaofundisha lugha kwa wageni, wanaotoa tuisheni kwa simu, wanaosimamia masomo ya chuo wakiwa sebuleni, pamoja na walimu wa shule za kawaida ambao kazi yao imewafuata nyumbani kupitia makundi ya WhatsApp.

Kabla ya kuingia katika mambo ya kutenda, naomba tuondoe neno moja njiani. Mwanamke anayelalamika kwamba amechoka huambiwa ajikaze. Akiumwa, ajikaze, akifiwa, ajikaze, akifundisha vipindi saba kwa siku huku chungu kikiwa jikoni, ajikaze vilevile. Methali ya mvumilivu hula mbivu husemwa kwetu kana kwamba mbivu hizo zimewekewa yule atakayenyamaza muda mrefu kuliko wenzake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa kazi kuwa ni matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa, likataja dalili zake tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kimoyo na kazi au kuichukia, na kuhisi kwamba hufanyi tena kazi yako vizuri. Tazama mahali ambapo maelezo hayo yameweka chanzo: kazini. Tiba yake, kwa hiyo, huanzia katika namna kazi ilivyopangwa. Ustahimilivu ninaouzungumzia hapa ni kazi ya mpangilio, na mpangilio hufanywa mapema, wakati bado una nguvu.

Tengeneza kengele yako

Anza na saa. Chukua karatasi, chora wiki nzima kama ratiba ya shule inavyochorwa, na kabla ya kuandika kipindi chochote, andika kwanza mambo yasiyohama: usingizi, chakula, sala au ibada, muda wa kunyonyesha kama una mtoto, na siku moja isiyo na darasa hata moja. Nafasi zitakazobaki ndizo utakazouza. Walimu wengi hufanya kinyume. Hupokea kila mwanafunzi anayejitokeza, halafu hutafuta usingizi katika mabaki. Mimi huweka vipindi visivyozidi vinne kwa siku, na kati ya kipindi kimoja na kingine huacha dakika 20 ambazo simuuzii mtu yeyote, hata akinisihi. Ndani ya dakika hizo naandika mambo mawili matatu juu ya mwanafunzi aliyeondoka, nakunywa maji na kutoka nje uani. Pia nimeweka mlio maalumu kwenye simu, usiofanana na ule wa kupigiwa wala wa kuamshwa, na unapolia kipindi kimekwisha. Mwanzoni niliona aibu kumwambia mtu mzima aliyelipa pesa yake kwamba muda umetimia; baada ya wiki chache wanafunzi wenyewe waliuzoea mlio ule, na wengine walianza kuaga kabla sijawaaga.

Hesabu za andalio la somo na kusahihisha zimo katika kazi hiyo hiyo. Kipindi cha saa moja mtandaoni, ukikifanya vizuri, hula karibu dakika 30 nyingine za kuandaa na kurekebisha kazi za mwanafunzi. Mwalimu anayesema anafundisha saa 30 kwa wiki kwa kweli anafanya kazi saa 45, na 45 ndicho kikomo cha saa za kawaida za kazi kwa wiki katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004. Ukipita hapo, jua kwamba umekuwa mwajiri mbaya wa nafsi yako.

Wanaofundisha wageni wana mtego mwingine, na huu naomba niueleze kwa urefu kwa sababu uliwahi kunilaza kitandani. Saa zetu za Afrika Mashariki hazibadiliki mwaka mzima, lakini za Ulaya na Marekani hubadilika. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ulaya hufanya hivyo Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo New York iko nyuma yetu kwa saa 7 wakati wa kiangazi chao na saa 8 wakati wa baridi, na katika zile wiki chache za Machi na za mwisho wa Oktoba ambapo upande mmoja umebadilisha na mwingine bado, ratiba yenye wanafunzi wa pande zote mbili huvurugika kabisa. Ongeza juu ya hapo kwamba sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, na kwamba mwanafunzi anayejifunza Kiswahili hupenda kujaribu maarifa yake mapya kwa kukuandikia "saa mbili" bila kusema ni ipi.

Nilikuwa na mwanafunzi wa New York ambaye tulikutana saa 1 jioni kwake, yaani saa 8 usiku kwangu. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa na miezi saba. Usiku mmoja wa Novemba niliamka, nikanawa uso, nikajifunga ushungi, nikaketi mbele ya kompyuta kwenye meza ya chakula nikiwa nimewasha taa ndogo ili mwanga usimfikie mtoto. Hakuja. Nilisubiri nusu saa nikiitazama sura yangu mwenyewe kwenye skrini, nikamwandikia ujumbe wenye maneno makali kiasi, nikalala. Saa 9 usiku, ambayo sasa ndiyo ilikuwa saa 1 ya jioni yake, yeye aliingia darasani akanikosa. Asubuhi nilikuta ujumbe wake wa kuuliza kama niko salama. Kosa lilikuwa langu, nilimwomba radhi, naye alinisamehe. Lakini nilipokuwa nikiandika ule ujumbe wa kuomba radhi nilitetemeka mikono, na nikatambua kwamba kwa miezi mitatu sikuwa nimelala usiku mmoja kamili bila kukatizwa. Wiki ile niliugua.

Tangu hapo nina kanuni, nami nakushauri uifuate: usiuze usiku wako. Waamerika wape asubuhi zao. Saa 2 asubuhi ya New York ni saa 9 alasiri kwetu wakati wa kiangazi chao na saa 10 alasiri wakati wa baridi. Saa 1 asubuhi ya California ni saa 11 jioni, kisha saa 12 jioni. Watu wa Ulaya wana jioni nzuri inayotufaa, kwa kuwa saa 12 jioni ya Berlin ni saa 1 usiku wetu, au saa 2 wakati wa baridi. Wanafunzi wa Oman na Dubai wametutangulia kwa saa moja tu na saa zao hazibadiliki, kwa hiyo ni majirani wema wa kuwekwa asubuhi. Walio tayari kusoma kabla ya kwenda kazini ni wachache, ni kweli, na mapato yatapungua kwa muda. Kwangu yalirejea baada ya miezi minne hivi, na sikuwahi kuujutia uamuzi huo. Weka katika kalenda tarehe zote nne za mabadiliko, na wiki moja kabla ya kila moja mwandikie kila mwanafunzi saa yake na saa yako, zote mbili.

Kanga mlangoni

Mazungumzo magumu kuliko yote katika kazi hii hayamo mtandaoni. Yako ndani ya nyumba. Kwa macho ya wanaoishi nawe, mwanamke aliyeketi nyumbani yuko nyumbani. Mama mkwe wangu, mtu ninayempenda na aliyenilelea watoto wangu wawili, aliingia chumbani siku moja kipindi kikiendelea akaniomba nikamwangalizie maharage. Nilipomweleza baadaye kwamba nilikuwa kazini, alinijibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, si uko hapa hapa?" Hakuwa na ubaya wowote. Kazi ya ualimu aliyoijua yeye ilikuwa na viatu, mkoba na kuaga mlangoni.

Nilichofanya ni kumwonyesha. Nilimkaribisha aketi pembeni kwenye kipindi kimoja, kwa idhini ya mwanafunzi, akanisikia nikimfundisha mzungu mzima kusalimia wakubwa kwa shikamoo, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na alipoona mwisho wa mwezi pesa za vipindi hivyo zikilipa ada ya mjukuu wake, hakuhitaji maelezo mengine. Kisha tulikubaliana alama. Kanga nyekundu ikiwa imetundikwa kwenye kitasa cha mlango, mwalimu yuko darasani, na anayebisha awe amebeba habari ya moto au ya damu. Ikiondolewa, mlango uko wazi. Hata mtoto wa miaka minne aliielewa kanga ile kabla ya watu wazima. Kama huna chumba chenye mlango, na wengi wetu hatuna, tumia kona na mkeka maalumu. Cha msingi ni kwamba alama iwe moja, ionekane kwa mbali, na wewe mwenyewe uiheshimu kwa kuiondoa mara kipindi kinapokwisha. Mama anayeiacha kanga mlangoni kutwa nzima huifanya isiwe na maana.

Kwa mume, zungumza kwa takwimu za nyumbani kwenu. Andika kwa wiki moja nani amechota maji, nani amepika, nani ameamka usiku, nani amekwenda kliniki, na nani amefundisha saa ngapi, halafu kaeni na karatasi hiyo siku ambayo hakuna aliyekasirika. Nimeona ndoa ambamo karatasi kama hiyo ilifanya kazi ambayo miaka ya manung'uniko haikuweza. Kama mna dada wa kazi, basi saa zake na mapumziko yake yamo katika mpango huo huo. Haipendezi kujinusuru na uchovu kwa kumtwisha binti wa mtu.

Skrini, mgongo na sauti

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwauliza zaidi ya watu 10,000 kuhusu uchovu wa mikutano ya video, wakakuta kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 7 alichoka sana au kupita kiasi, wakati kwa wanaume alikuwa 1 kati ya 20. Sababu kubwa waliyoitaja ni ile hali ya mtu kujitazama mwenyewe saa nzima, kama anayefanya kazi huku ameshikiwa kioo. Jambo hili lina dawa rahisi: katika programu nyingi za mikutano, Zoom ikiwemo, upo uwezekano wa kuificha picha yako kwako mwenyewe huku mwanafunzi akiendelea kukuona. Hakikisha mwanzoni kwamba umekaa vizuri kwenye fremu, kisha ifiche. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilihisi mabega yangu yakishuka. Walimu wanaovaa hijabu wataelewa zaidi, kwa kuwa nusu ya akili yetu ilikuwa kwenye kuangalia kama ushungi umekaa sawa.

Punguza pia ukubwa wa uso wa mwanafunzi kwenye skrini, kwa sababu uso mkubwa ulio karibu namna ile mwili huupokea kama mtu aliyekusogelea mno, na vipindi vingine vifanye kwa sauti tupu. Masomo ya matamshi na ya kusikiliza hayahitaji kamera hata kidogo. Kompyuta mpakato iinue juu ya vitabu mpaka ukingo wake wa juu ulingane na macho. Mimi natumia kamusi mbili nene na pakiti ya karatasi. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Mwembe wa jirani unatosha.

Sauti ndiyo chombo chetu cha kazi, na ndiyo tunayoitunza kidogo kuliko vyote. Nyuzi za sauti za mwanamke hutetema takribani mara 200 kwa sekunde anapozungumza, wakati za mwanamume hutetema kama mara 110 hadi 120. Ukizungumza kwa nusu saa tu katika kipindi, nyuzi zako zimekwisha kugongana kiasi cha mara 360,000. Ndiyo maana walimu wa kike hukauka sauti kuliko wenzao wa kiume, na mtandao huzidisha tatizo, kwa kuwa tunapomsikia mwanafunzi kwa shida tunapaza sauti bila kujua, ingawa yeye anatusikia vizuri kabisa. Nunua hedifoni zenye kipaza sauti kinachokaa karibu na mdomo, kisha zungumza kama unayeongea na mtu mliyeketi naye mkeka mmoja. Weka glasi ya maji yasiyo baridi karibu na unywe kidogo kidogo. Koo likikwama, meza mate au kunywa maji kuliko kukohoa kwa nguvu. Epuka pia kunong'ona usiku kwa kuogopa kuwaamsha watoto, maana kunong'ona kwa muda mrefu nako kunaweza kuzichosha nyuzi hizo. Sauti ikiendelea kukwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, nenda ukaonwe na daktari wa masikio, pua na koo.

Makundi ya wazazi na simu ya saa 4 usiku

Kwa mwalimu wa shule, kufundisha mtandaoni mara nyingi maana yake ni kundi la WhatsApp. Baada ya Sensa ya mwaka 2022 serikali ya Tanzania iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini kifaa hakiji na saa ya kufunga ofisi. Mzazi anakumbuka swali la hesabu saa 4 usiku, anatuma ujumbe wa sauti wa dakika tatu, na alama mbili za buluu zikionekana anatarajia jibu.

Tumia laini mbili. Laini ya kazi ikae kwenye simu ya pili, hata iwe ya bei ya chini, na simu hiyo izimwe saa 12 jioni. Andika kwenye maelezo ya kundi saa za kujibu, na mkiwa walimu zaidi ya mmoja, rudisheni utaratibu wa mwalimu wa zamu: kila wiki mmoja ndiye anayejibu, wengine hawafungui. Zima alama za buluu. Ukijibu ujumbe mmoja saa 5 usiku kwa huruma, umewafundisha wazazi 45 kwamba saa 5 usiku ni saa ya kazi, na somo hilo watalishika upesi kuliko yote uliyowahi kuwafundisha.

Anapokuja mtu mwenye nia nyingine

Haya nayaandika kwa uzito kwa sababu yanawapata wengi na husemwa na wachache. Wapo wanaume wanaolipia kipindi wakitaka kitu kisicho somo. Huanza kwa kusifia sura, kisha huomba namba binafsi, kisha maswali juu ya mume, na wengine hufikia mambo nisiyoyaandika hapa. Mwalimu mpya hudhani kwamba amefanya kitu kilichosababisha. Hujafanya.

Andaa sentensi moja mapema na uijifunze kwa sauti mpaka itoke bila kutetemeka: "Hapa tunafanya somo tu, ukirudia, nitafunga kipindi." Akirudia, funga. Usibaki kwa sababu ya pesa ya dakika 30 zilizosalia. Piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na jina alilotumia, hifadhi ujumbe wote, mripoti kwa wenye jukwaa unalofundishia, mzuie, na siku hiyo hiyo mwambie mtu mmoja unayemwamini, ili jambo hilo lisilale ndani yako peke yako. Unyanyasaji wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018. Tanzania unaweza kwenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi ukiwa na ushahidi wako. Kenya namba 1195 hupigwa bila malipo kwa masuala ya ukatili wa kijinsia.

Kwa kinga, tazama kinachoonekana nyuma yako. Picha za watoto, sare ya shule iliyotundikwa, dirisha linaloonyesha bango la duka la mtaani: vyote hivyo humwambia mgeni unapoishi. Shuka safi la rangi moja ukutani linatosha.

Pesa na watu

Wasiwasi wa pesa ndio unaowafanya walimu wengi wavunje ratiba waliyoipanga vizuri, kwa hiyo hesabu zake ni sehemu ya afya. Wanafunzi wa ng'ambo hupungua Julai na Agosti wanapokwenda likizo, na hupotea tena Desemba. Katika miezi mizuri weka kando sehemu ya kila malipo kwa ajili ya miezi hiyo, na uiweke mahali ambapo mkono hauifikii kwa urahisi, kama vile kikoba au chama chenye nidhamu. Tangaza tangu siku ya kwanza kwamba kipindi kisichoahirishwa saa 24 kabla kinalipwa. Bando la intaneti, umeme na pawabenki ni gharama za kazi. Ziingize katika bei yako. Umeme unapokatika katikati ya somo, moyo hudunda kidogo ukijua simu ina chaji na laini ya mtandao wa pili ina bando.

Mwalimu aliyeajiriwa ana haki zake hata kama anafundishia sebuleni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania niliyoitaja inampa mzazi likizo ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa miezi mitatu. Aliyejiajiri hana wa kumlipa, na ndiyo sababu mimba yake huhitaji mpango wa fedha mapema kuliko ya mwalimu aliyeajiriwa.

Kuhusu watu, turudi kwenye ile chai ya saa 4. Katika ofisi ya walimu mtu alikuwa akisema kwamba darasa la leo limemshinda, wenzake wakacheka, mwingine akasema lake lilimshinda jana, na jambo likaishia kwenye kikombe. Mtandaoni darasa likikushinda unabaki nalo. Sisi tuko walimu watano, wawili Tanga, mmoja Mombasa, mmoja Arusha na mmoja anayeishi Muscat, na kila Alhamisi saa 4 asubuhi tunapigiana simu ya pamoja kwa dakika 40, kila mtu na kikombe chake. Tuna sharti kwamba anayeeleza shida hapewi ushauri mpaka auombe. Faida nyingine tuliipata baadaye: tunashikiana vipindi. Mmoja wetu alipofanyiwa upasuaji, wanafunzi wake sita waligawanywa kwa wenzake wanne kwa wiki tano, malipo yakaenda kwa aliyefundisha isipokuwa sehemu ndogo aliyopelekewa mgonjwa, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyepotea. Tafuta wanne. Wanaofundisha somo moja na wewe ndio bora, maana ndio wanaoweza kulishika andalio lako bila maelezo marefu.

Mpangilio ukiwa hautoshi

Huja wakati ambapo ratiba ni nzuri, kanga iko mlangoni, wenzako wapo, na bado hali ni mbaya. Ukiona kwa wiki mbili mfululizo kwamba usingizi umekukimbia au umekuwa mwingi kupita kawaida, chakula hakina ladha, hufurahii kitu ulichokipenda, unalia bila sababu unayoijua au unafikiri kwamba ingekuwa heri usingekuwepo, hiyo si kazi ya kujikaza wala ya chai ya Alhamisi. Nenda kituo cha afya. Aliyejifungua karibuni asisubiri hata hizo wiki mbili. Najua maneno ya watu. Kwetu mtu akitajwa kwamba ameonana na daktari wa akili husemwa kwamba atapelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na maneno hayo yamewaweka ndani wanawake waliokuwa wakihitaji mazungumzo na dawa za miezi michache tu. Ukifika kwa daktari, usiseme tu kwamba unaumwa kichwa na umechoka. Mwambie unalala saa ngapi, unafundisha saa ngapi, ulianza lini kujisikia hivyo, na kama umewahi kuwaza kujidhuru. Andika majibu hayo kwenye karatasi ukiwa nyumbani, kwa kuwa mbele ya koti jeupe maneno hukwama.

Ukihitaji kupumzika, waandikie wanafunzi ujumbe mfupi usio na maelezo ya ugonjwa: "Nitakuwa likizo kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Anayetaka kuendelea, mwalimu mwenzangu yupo tayari. Anayetaka kunisubiri, nafasi yake ipo." Ukirudi, rudi na nusu ya vipindi vyako vya zamani kwa wiki mbili za mwanzo, ukianza na wale wanafunzi ambao somo lao hukupa furaha, na vile vya jioni uviongeze mwisho.